Mbwa wa Kuazima

Jioni ile nilitoka kuosha sufuria tu.

Tulikuwa tumekula maharage na mkate wa mahindi, mimi na mume wangu Verlin, na sufuria ilikuwa imeungua chini. Bomba la kambi lilikuwa hatua hamsini hivi kutoka tulipoegesha gari, karibu na mto, chini ya mikuyu. Nikachukua sabuni na waya wa kusugulia. Juni akanifuata.

Juni ni mbwa wetu. Nasema "ni" kwa sababu sijui niseme nini kingine.

Mimi naitwa Lavada. Nilipika chakula cha shule miaka ishirini na sita, Verlin akafanya kazi kiwanda cha mbao karibu arobaini. Alipostaafu tukauza nyumba, tukanunua gari la kulala, lile lenye kitanda nyuma, jiko la gesi, na choo ambacho ukikaa magoti yanagonga mlango. Watoto wetu walisema tumerukwa na akili. Verlin akawajibu kwamba akili alishaimaliza kiwandani.

Juni tulimchukua kituo cha mbwa waliotelekezwa, wiki moja kabla ya kuanza safari. Jike la rangi ya kahawia, umri umesogea, sikio la kushoto limechanika kama jani lililoliwa na kiwavi. Alikuwa ameshachukuliwa na watu mara tatu, akarudishwa mara tatu. Binti wa pale kituoni, Marnie, alinishika mkono kabla sijatia sahihi.

"Mama, kama unaona utakuja kumrudisha, bora umwache sasa hivi. Huyu anaelewa."

"Hatarudi hapa," nikamwambia.

Tulikuwa na mwezi wa nne barabarani. Juni aliogopa fagio, aliogopa watu wenye viatu vizito, na aliiba soseji za Verlin bila kuogopa kitu. Lakini kila asubuhi tulipofunga mizigo, alikuwa wa kwanza kuruka ndani. Anakaa katikati ya viti, anatetemeka, macho mlangoni. Gari likianza kutembea ndipo anapolala. Asubuhi zote za miezi minne. Hakuwahi kuamini kwamba tutamchukua.

Basi nikafika bombani. Nikainama, nikasugua.

Nikasikia harufu kwanza.

Ugoro. Ugoro na kitu kingine... kama manyoya yaliyochomwa.

Juni akanguruma. Miezi minne sikuwahi kumsikia akinguruma.

Nilipoinua kichwa, bibi mmoja alikuwa amesimama upande wa pili wa bomba. Sikusikia hatua, na pale chini ni changarawe tupu. Bibi mfupi, gauni refu la maua yaliyofifia, mdomo wa chini umevimba kwa ugoro. Viganja vyake alivikinga mbele kama anayepokea kitu.

"Mwanangu," akasema polepole, "niazime chumvi kidogo."

Sasa, mimi nimelelewa na bibi yangu huko milimani Arkansas, na bibi yangu alikuwa na sheria zake. Mwanamke usiyemjua akija kuazima kitu jua likizama, usimpe. Hasa chumvi. Mchawi hawezi kukugusa mpaka apate kitu chako, na lazima akipate kutoka mkononi mwako, kwa hiari yako. Ukimnyima mara tatu, uchawi wake unamgeukia mwenyewe. Ukimpa mara moja, umemfungulia mlango.

Niliyajua hayo yote. Lakini nina miaka sitini na mmoja, nina simu mfukoni, na nilikuwa nimesimama kwenye kambi yenye taa za umeme. Niliona haya kumnyima bibi kizee chumvi kwa ajili ya hadithi za bibi yangu.

Nikaenda garini kuchukua. Juni akanitangulia. Akasimama kwenye ngazi ya gari, akanizuia kwa mwili wake. Nikamsukuma kwa goti. Akarudi. Nikamsukuma tena, safari hii kwa nguvu, akadondoka chini akalia.

Nikampelekea bibi chumvi ndani ya kikombe.

Akaimimina yote kiganjani. Kikombe akanirudishia.

"Unaona?" akasema. "Mimi hurudisha."

Usiku huo Verlin alikunywa maji jagi zima. Asubuhi akanywa majagi mawili.

"Yale maharage uliyatia chumvi kama unahifadhi samaki, bibie," akanitania.

Nilicheka. Tukafunga mizigo, Juni akatangulia kuruka ndani, tukaendelea na safari.

Siku ya pili utani ulikuwa umekwisha. Verlin alikuwa anakunywa, na midomo inazidi kupasuka. Ulimi ulimkauka ukawa kama kipande cha ngozi. Tulipovuka kuingia Missouri nilimpeleka kwenye zahanati ya kwanza niliyoiona. Wakamtundikia chupa mbili za maji. Daktari akasema figo nzima, sukari iko sawa, damu haina tatizo.

"Basi kiu hii ni ya nini?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa huruma. "Sijui, mama. Kweli sijui."

Jioni tuliegesha kwenye kambi nyingine, kilomita mia mbili na zaidi kutoka ile ya kwanza. Verlin alilala. Nilikuwa nafungua mtungi wa gesi nje, jua linagusa miti, nikaisikia tena ile harufu.

Ugoro. Manyoya.

"Mwanangu, niazime mafuta ya kupikia. Kijiko tu."

Hakukuwa na gari jingine pale kambini. Wala baiskeli. Kulikuwa na yeye, na gauni lake, na viganja amevikinga.

"Sina," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

"Unayo. Chupa ya njano, nyuma ya unga."

"Sikupi. Ondoka hapa!"

Hakukasirika. Alichungulia juu ya bega langu, dirishani, pale alipolala mume wangu, kama mtu anayetazama kama mkate umeiva.

"Miguu itatangulia," akasema.

Akaondoka zake kuelekea kwenye miti.

Nilipoingia ndani Verlin alikuwa ameketi kitandani, ameshika mapaja yake kwa mikono miwili.

"Lavada," akanong'ona. "Miguu yangu iko wapi?"

Ilikuwepo. Ilikuwa hapo hapo, imekauka, ngozi inabanduka kama gome la mti. Hakuihisi.

Usiku kucha nilimtia maji kwa kijiko. Juni alilala juu ya ile miguu, akaipasha joto. Kila nilipopitisha mkono gizani nilikuta mgongo wake uko pale pale, na moyo wake unapiga.

Kesho yake sikuendesha. Nilipiga simu hospitali ya mji, wakasema gari la wagonjwa litachelewa, daraja limefungwa kwa mafuriko. Nikakaa namhesabia Verlin pumzi. Hakuwa na machozi tena. Alikuwa analia, lakini hakuna kitu kilichotoka.

Jua lilipoanza kushuka, Juni akaingia chini ya meza.

Nikajua.

Nilifungua mlango kabla yule bibi hajabisha hodi. Alikuwa amesimama ngazi ya chini.

"Leo sitaki chumvi," akasema. "Wala mafuta. Niazime mbwa."

"Mbwa?"

"Kwa usiku mmoja. Asubuhi nakurudishia, na bwana wako anaamka anataka chai na mayai."

"Kwa nini mbwa?"

"Kwa sababu huwezi kunipa kitu kingine kinachokupenda namna ile."

Wadudu wa miti, ambao kule hawanyamazi kiangazi chote, walinyamaza.

Ndipo Verlin akasema kutoka kitandani. Ilikuwa sauti ya makaratasi yanayosuguana.

"Usimpe... Lavada... usimpe Juni."

"Verlin, nyamaza."

"Nimeshaishi, mama. Niache... usimpe."

Nataka mjue kwamba alisema hivyo. Mtu mwenyewe aliyekuwa anakufa alinikataza, mara mbili. Na nataka mjue kwamba zile mara tatu za kunyima nilikuwa nimeshazianza. Nilimnyima mafuta. Ningenyima mbwa, ningebakiwa na mara moja tu.

Lakini nilimtazama mume wangu, midomo imepasuka mpaka ndani, nikaona hana jioni nyingine ya kunipa.

Nikainama chini ya meza.

"Juni. Njoo, mama. Njoo tutembee."

Neno hilo "tutembee" alilijua. Alitoka akitetemeka, mkia chini, lakini alitoka. Nikamfunga kamba shingoni. Mlangoni akakaza miguu. Hakuning'ata. Angeweza. Nilimburuta ngazi tatu, kucha zake zinakwaruza bati... krrr... krrr... krrr... nikaitia kamba mkononi mwa yule bibi.

Mkono wake ulikuwa mkavu. Mkavu kabisa, kama unga.

Juni hakubweka. Alitembea naye kwenda mitini, na njia nzima alikuwa amegeuza kichwa ananitazama mimi.

Alfajiri nikaamshwa na mlio wa mayai kwenye kikaango.

Verlin alikuwa amesimama jikoni, kwa miguu yake, midomo mizima. Anapiga mluzi.

"Umelala kama gogo, bibie. Unakula mangapi?"

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Nilimgusa uso, mikono, mapaja. Hakukumbuka kitu. Kwake ilikuwa homa, na homa imepita. Nikalia, na yeye akacheka akishangaa kwa nini nalia.

Kisha kitu kikakwaruza mlango. Nikafungua.

Juni alikuwa ameketi ngazi ya chini. Kamba shingoni. Manyoya masafi, yamechanwa. Hakuna mtu mwingine.

"Ulimfungia nje?" Verlin akashangaa. "Maskini. Ingia, Juni."

Akaingia. Akapita karibu na mguu wangu bila kunigusa, akaketi kando ya Verlin.

Sikio lililochanika lilikuwa la kulia.

Nikapiga magoti, nikalitazama kwa karibu. La kushoto zima. La kulia limechanika, mchano ule ule, kama mtu aliyejitazama kwenye kioo.

"Verlin. Sikio lake... lilikuwa la kushoto."

"La kulia," akasema, hata hakugeuka. "Siku zote la kulia."

Tuliendelea na safari. Kansas, Nebraska, tukashuka tena. Verlin hakuwahi kuwa na afya kama ile. Alipanda vilima, alikula, alifanya urafiki na kila mtu kambini. Yule mbwa hakuiba soseji. Hakuogopa fagio. Asubuhi tukifunga mizigo, alisubiri mpaka aitwe, akapanda taratibu kama mgeni wa heshima.

Na hakunywa maji.

Nilimwekea bakuli kila asubuhi. Kila jioni lilikuwa vile vile, limejaa, juu yake vumbi na majani. Wiki ya kwanza. Wiki ya pili. Nilichora alama kwa kalamu ukingoni mwa maji. Hayakupungua ila kwa jua. Wiki ya tano nikamwambia Verlin nataka kuona tena mikuyu ya kule mtoni, pale kambi ya kwanza.

"Kuna nini huko?" akauliza.

"Hewa nzuri."

Tulifika saa sita mchana, jua la utosi. Nilichukua kapu la nguo chafu nikamwambia naenda kufua. Nilifika bombani nikaliweka chini, nikafuata kijia kilichotelemka na mto, upande ule ule ambao yule bibi alikuwa amesimama. Nilitembea nusu saa. Miba ilinichana mikono. Jua lilikuwa kali, ndege wanalia, hakukuwa na kitu chochote cha kuogopa.

Nikatokea kwenye uwanja mdogo katikati ya miti.

Kulikuwa na kibanda cha bati, kumbe ni gari la zamani la kukokotwa, magurudumu yameondolewa, limekalishwa juu ya mawe. Nyuma yake kulikuwa na nguzo. Nilihesabu saba. Kila nguzo ilizungukwa na duara la udongo mtupu uliokanyagwa mpaka ukang'aa, kama pale mnyama anapofungwa miaka akazunguka, akazunguka...

Nguzo sita zilikuwa tupu.

Kwenye ya saba alikuwepo Juni.

Sikumtambua mara moja. Alikuwa mbavu na ngozi. Midomo imepasuka. Ulimi umetoka nje, mweusi, mkavu. Mbele yake kulikuwa na beseni la maji safi kabisa, na kamba ilikuwa imekatwa kwa kipimo. Pua yake ilifika kiganja kimoja kutoka kwenye ukingo. Kiganja kimoja.

Sikio la kushoto lilikuwa limechanika.

Aliponisikia akainua kichwa. Na mkia wake...

Ukaanza kupiga udongo. Tup. Tup. Tup.

Nilikimbia. Nilipiga magoti mbele yake, vidole vyangu vimeshafika kwenye fundo.

"Kamba haina kufuli," sauti ikasema nyuma yangu.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni mwa kibanda, anamenya viazi. Mwanamke wa kawaida mchana wa kawaida. Hakuinuka.

"Ulisema usiku mmoja!" nikapiga kelele. "Ulisema utarudisha!"

"Nimekurudishia mbwa. Mimi si mwizi." Akatema ugoro pembeni. "Fungua ukitaka. Ni wako. Lakini kiu ile haikuwahi kwisha, mwanangu. Kiu haiishi, inahama. Lazima imkae mtu. Huyu anakalia kiti cha mumeo."

"Atakufa."

"Wapi! Huyu hafi. Ndiyo uzuri wake." Kiazi kikaanguka kwenye sufuria. "Wenzake walikufa walipokata tamaa. Huyu hakati. Kila kijiti kikivunjika mitini anadhani ni wewe."

Juni alikuwa ananilamba kifundo cha mkono. Ulimi ulikwaruza kama msasa.

"Na maji?" nikauliza. "Nikimsogezea maji tu? Kidogo?"

"Sogeza. Kila atakachomeza yeye, mumeo atakikosa. Unamjua mumeo alivyofikia. Unajua amebakiza matone mangapi."

Nilishika beseni. Nataka niwe mkweli, nililishika. Maji yakacheza, jua likacheza juu yake, na Juni akaacha kunilamba akayatazama. Kisha akanitazama mimi. Hakulia. Alisubiri tu, kwa adabu, kama alivyokuwa akisubiri chakula chake miezi minne ile.

Sijui nilikaa pale muda gani.

Nikaliacha beseni mahali pake.

Nikasimama. Nikajipangusa magoti. Yule bibi hakucheka, na ningeshukuru kama angecheka. Nilirudi nyuma hatua moja, mbili, tatu. Nilidhani Juni ataanza kulia nikimgeuzia mgongo. Nilijiandaa kwa kilio.

Hakulia.

Tup. Tup. Tup.

Niliusikia mkia ule mpaka kwenye miti. Niliusikia hata baada ya pale, ambapo mtu hawezi kusikia.

Bombani nikaokota kapu langu. Nguo zilikuwa kavu na chafu vile vile. Verlin alikuwa ameketi mbele, upande wa abiria, yule mbwa katikati ya viti. Wote wawili walikuwa wananitazama kupitia kioo, vichwa vimeinama upande mmoja, kwa kipimo kimoja.

Nikapanda. Nikafunga mlango. Mikono yangu ilikuwa inanuka manyoya.

Sikuwahi kumwambia Verlin habari ya bibi. Sikumwambia habari ya chumvi, wala nguzo, wala nilikotoka. Hakuuliza kwa nini nguo hazijafuliwa. Alinishika mkono, kwa upole, akanifuta udongo kidole kimoja baada ya kingine. Mkono wake ulikuwa mkavu, kama unga.

"Alitikisa mkia?" akauliza.

Nilimtazama. Alikuwa anatabasamu, tabasamu lake lile lile la miaka thelathini na tisa.

"Ndiyo," nikamjibu.

Nikawasha gari.